Shavu

Mwanangu Tima alipewa kazi na mwalimu: chora nyumbani kwenu.
Akachora kitanda, jiko la gesi, paka wa jirani,
mamake na buibui lililojaa nusu karatasi,
nami pembeni, shavu moja kama andazi.
Hakunikejeli. Alidhani ndivyo nilivyoumbwa.

Nilicheka. Nikaibandika kwenye friji.
Nikateremka ngazi kwenda kwa Nyaga, muguka wa hamsini.

Basi usiniulize kama ni picha iliyonigeuza.
Miezi mitatu ilikaa pale ikinitazama,
nami nikitafuna.

Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo:
nami kesho nimeisema miaka kumi na mmoja.
Nimeisema Shaabani, nikaisogeza Mfungo Mosi,
nimeisema kwenye benchi la Makadara, presha imepanda,
nimemwapia mke wangu mbele ya kakaze,
na kila nilipotangaza, kutangaza kwenyewe kulinishibisha,
kama mtu aliyenusa pilau
akenda kunawa mikono.

Kisha Jumanne. Haikuandama mwezi, haikufungua mwaka.
Makupa, saa nane, jua la kuchoma utosi,
nimesimama mezani kwa Nyaga, noti mkononi.
"Kama kawaida, Shebwana?"
Ulimi ukaliendea lile neno, kawaida,
ukalipapasa kama jino linalolegea,
ukarudi,
ukalipapasa tena.

Sikusikia sauti. Sikutetemeka.
Hofu ilikuwepo, ileile, haikupungua hata punje.
Ila nilikuwa nimechoka. Si majani,
majani bado nayapenda, sitakudanganya.
Nimechoka kuwa mtu anayekaribia kuacha.

Nikanunua maji.
Nyaga akanirudishia thelathini,
akanitazama kama mdeni anayehama mtaa.

Saa kumi sikujua mdomo niuweke wapi.
Nikaosha vyombo. Nikavikausha. Nikaviosha tena.
Mke wangu aliona, akanyamaza, Mungu amjazi.
Sikumwambia neno. Maneno yangu anayo gunia zima.

Tima akasimama mbele ya friji, raba mkononi,
akaniangalia, akaiangalia picha,
akaniangalia.
"Baba, nikufute shavu?"

Ngoja, mwanangu. Ngoja kwanza.
Hii ni Jumanne tu.