Pampu ya Hailaksi

Landirova ya baba, shasi ndefu, ya mwaka sabini na tatu,
aliinunua mnadani Wete ilipokwisha kuchoshwa na karafuu za watu,
na tangu hapo hakukunjua vidole.
Hata akila, tonge hulifinyanga kwa ngumi.
Hata akiomba dua, viganja hufunguka nusu,
kama mlango uliovimba kwa mvua.

Usukani ule ulikuwa mtu wa kubishana naye.
Kona ya Kinyasini ulitaka bega,
na mguu umekanyaga ubao.
Kugeuza bandarini, gari imesimama na mzigo,
ulitaka bismillahi, na Kombo utingo ashuke
alipige tairi teke.
Baba akisema: gari hii si ya kila mkono.
Akimaanisha: si ya wako, Salhina.

Mwezi wa Shaabani mkono wake wa kushoto ulilala
ukachelewa kuamka.
Gari ikalala naye chini ya turubai,
kuku wakataga kwenye kiti cha utingo,
na mwaka huo, ewe Mola, mikarafuu ilizaa
kama iliyotumwa kutusuta.

Nikenda Machomanne kwa wauza vyuma.
Hailaksi iliyogonga ng'ombe ilikuwa imelala ubavu,
uso umeharibika, pampu yake nzima,
boksi ya stelingi nzima.
Nililipa bangili moja.
Ya pili niliiweka kwa ajili ya mpira wa presha,
maana fundi Asaa alinionya:
mpira wa bei rahisi hungoja mlima ndipo upasuke.

Siku nne tulikaa chini ya gari.
Asaa akakata, akachomelea bamba,
akapima kwa uzi wa cherehani na kipande cha chaki,
akatukana kwa sauti ndogo, kwa sababu ya mama.
Puli ya pampu haikukaa sawa na ya feni,
mkanda ukalia kama mbuzi wa Idi.
Tukatia washa tatu. Ukanyamaza.
Magurudumu ya mbele juu ya magogo ya mnazi,
tukamimina mafuta mekundu,
nikageuza kulia, nikageuza kushoto,
injini imezimwa, povu likipanda kwenye kikopo,
mpaka pumzi ya mwisho ya hewa ikatoka.

Kisha tukawasha.
Niligusa usukani kwa kidole cha pete,
kisicho na pete.
Ukaenda.
Ukaenda kama mtu aliyekuwa akingoja miaka yote
aombwe kwa adabu.

Baba mlangoni, msuli umefungwa kwa mkono mmoja:
"Sasa njia utaijuaje?"
Nikadhani ni wivu. Haukuwa wivu wote.
Yeye njia aliisoma kwa viganja:
udongo mwekundu kabla haujateleza,
tairi linalopoteza upepo kidogo kidogo,
jiwe lililohamishwa na mvua ya jana.
Mimi safari ya kwanza nilitaka kumkwepa kuku,
nikajikuta katikati ya mihogo ya Mize binti Hamad.
Nasema mashina kumi na mawili.
Yeye asema kumi na matano.
Mpaka leo hatujapatana.

Asubuhi hii tulitoka Konde na magunia tisa,
baba kushoto, kwenye kiti cha kuku.
Kona ya Kinyasini ilipokaribia
nikaiona mikono yake juu ya mapaja
imeshika duara lisilokuwepo.
Bega likainuka. Mguu ukakanyaga ubao.
Mkono ule, uliolala, nao ukavuta.
Upande wangu nikageuza kwa vidole viwili,
nikajifanya naangalia barabara.

Tulipofika Bopwe
"Mkanda umelegea," akasema baba.
Sikusikia kitu.
Tukaenda mwendo wa bisikleta mbili, tatu,
ndipo ukaanza kulia.