Faranga Iliyosuguliwa

Zimerudi Jumanne, mkononi mwa Mwepu,
ndani ya soksi ya sufu, soksi ndani ya kopo la Nido:
sarafu tisa zilizoondoka Lubumbashi uchi
zikarudi kila moja na nyumba yake ya plastiki
na namba kifuani,
kama watoto wa shule siku ya matokeo.

Nilifunga kibanda mapema. Saa za watu
zikabaki zimefunuliwa matumbo juu ya meza.
Mvua ya Desemba ilipiga mabati ya Kamalondo
hata sikusikia pumzi yangu nilipovaa lenzi.

Tembo wa faranga mbili, yule wa pembe sita,
sitini na nne. Nilipiga kofi moja, peke yangu.
Kobiri lenye tundu, nililolikomboa kwa fundi baiskeli wa Katuba
(alikuwa amelikazia nati miaka kumi)
hamsini na tatu, na hiyo ni huruma.
Mnazi wa faranga tano, sitini na mbili.
Likuta, likuta, likuta: wastani, kama maisha yetu ya wakati ule.

Katika orodha anaongoza Mbelgiji mmoja
ambaye sijui uso wake, najua tembo wake: sitini na sita.
Wa pili ni daktari wa meno huko Kitwe.
Wa tatu mimi, mbadilisha betri za saa.
Nilitaka kumpita daktari. Sifichi.
Niliuza friji kwa ajili ya kumpita daktari.

Silaha yangu ilikuwa ya tisa.
Faranga ya sitini na moja: ndizi upande huu,
upande huu msalaba wa shaba,
shaba ileile Baba aliyoinusa kazini mpaka mapafu yakawa kijani.
Aliipata katika mshahara, akaikunja ndani ya karatasi ya sigara,
hakuinunulia hata kibiriti.
Miaka sitini gizani. Ilikuwa na rangi ya chai iliyolala.

Nikageuza plastiki. Hakuna namba.
Maneno tu, madogo, ya adabu:
*halisi; imesafishwa.*

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa akichambua lengalenga,
miaka themanini na mitatu, vidole havitulii.
Sikuuliza kwa ukali. Nadhani sikuuliza kwa ukali.
«Nilikusugulia, mwana, mbele Mwepu abebe.
Ndimu na majivu. Ilikuwa na buchafu mingi.
Unatuma kitu cha baba yako kwa wazungu na buchafu?»

Wapimaji wale wana darubini, wana taa za pembe nne.
Waliona kila mkwaruzo, wakahesabu hasara.
Mimi nikaangalia mikwaruzo ileile
na lenzi yangu ya mguu wa sekunde:
inazunguka, inazunguka, kutoka kulia kwenda kushoto,
jinsi anavyoosha sufuria, jinsi alivyoniosha masikio.

Akaomba nimpe aishike.
Miaka thelathini aliuza mkaa soko la Kenya
na sarafu aliijua kwa kuidondosha sentini,
ya uongo ilikohoa, ya kweli iliimba.
Akagonga ile plastiki juu ya meza. *Ko.*
Akagonga tena.
«Hii walifanya nini? Haisemi.»

Kisu kiko hapa, karibu na kopo.
Plastiki ya namna hii hupasuka kwa pigo moja kwenye kona.
Sijapiga. Na wala sijakirudisha kabatini.

Nafasi ya tisa bado wazi, na daktari bado yuko mbele.
Natafuta faranga ya sitini na moja
isiyoguswa na mtu aliyenipenda.
Mwepu anasema ipo moja Likasi,
kwa mjane wa mfanyakazi wa reli, Mama Kishimba,
ndani ya sanduku la cherehani.
Naenda Jumamosi na basi la kwanza.
Namwomba Mungu, mnisamehe,
mama huyo awe mvivu.