Jino Moja

Semkiwa ameiegesha pikapu mlangoni, boneti juu,
akasema: imekula pesa yangu yote, Mwanasha, hebu isikilize.
Nyuma kuna magunia mawili ya iliki na harufu yake.
Imeshuka nayo kutoka Amani kwa kuteleza tu;
kupanda ndiko inakokataa.
Inakohoa kwenye kabureta, inapiga mizinga kwenye ekzosi,
kuku wa Barabara ya Kumi na Nne wanaruka ukuta.

Wameshaibadilishia plagi.
Wameibadilishia pampu, waya, koili,
wakailaumu petroli ya Muheza,
mmoja akalaumu jini.

Mimi naanza na kidole.
Nafungua plagi ya kwanza, naziba tundu kwa gumba,
Kilua anazungusha puli kwa spana, polepole,
mpaka pumzi inalisukuma gumba langu litoke.
Hapo pistoni inapanda, valvu zote mbili zimefumba.
Hapo ndipo saa ya injini inapoanza kusomwa.

Ngamiani tumezoea hesabu iliyonyooka:
barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
hata mlevi hufika kwake.
Injini haihesabu hivyo.
Moja, tatu, nne, mbili,
ndivyo inavyowasha vyumba vyake.

Cheche ikiwahi, moto unaikuta pistoni bado njiani,
unaipiga utosini: ndiyo ile njuga ya vyuma mlimani.
Ikichelewa, pistoni imeshageuka,
moto unafika kama mgeni wa karamu iliyokwisha,
unaokota makombo, unatoka nje kwa kelele.
Haraka haina baraka. Ngoja ngoja yaumiza matumbo.
Waliosema haya mawili hawakugombana,
walikuwa wanatafuta nyuzi nane kabla ya kilele.

Natazama distributa.
Imezungushwa hadi mwisho wa mfuo wake,
boliti imegota, haina tena pa kwenda.
Mafundi watatu waliisukuma hapo, kila mmoja kidogo,
kama watu wanaosogeza mshale wa saa ya ukutani
ilhali kinachokosea ni magurudumu ndani.
Namwambia Kilua: fungua mbele.

Rejeta chini. Feni. Puli. Kifuniko.
Cheni ni nzima, inang'aa oili, haina hatia.
Lakini nukta ya gia ya juu
haitazamani na nukta ya gia ya chini.
Jino moja. Imebaki nyuma jino moja.
Na kwenye jino hilo, doa jekundu:
rangi ya kucha.

Simjui fundi mwingine Tanga nzima
anayetia alama kwa rangi ya kucha.

Mwezi wa nne, mvua, taa ya kuchaji inafifia,
simu inaita kutoka Bombo: njoo sasa hivi.
Cheni niliivalisha kwa mkono mmoja.
Kifuniko nilikifunga mguu mmoja uko nje.
Nilikuwa na haraka, nikaichelewesha;
na kitandani kwa mama nilifika
shuka limeshatandikwa upya.

Semkiwa anauliza: ni nani aliyenifanyia hivi?
Kilua anaiona ile rangi, anaanza kufuta spana iliyo safi.

Mimi, nasema. Ni mkono wangu.

Hajibu. Anainama juu ya injini muda mrefu,
kana kwamba anasoma barua ya mtu mwingine.
Kisha anavuta debe, anakaa.
"Basi irudishe," anasema. "Nipo hapa."

Nukta kwa nukta. Nahesabu pini za cheni kwa midomo,
napoteza hesabu, naanza upya.
Kabla ya kifuniko nazungusha krenki kwa mkono,
mizunguko miwili kamili, nione kama nukta zitarudi.
Zinarudi.
Simu inaita mfukoni. Naiacha iite.
Nazungusha tena.