Korongo wa Raysut

Bwawani, nyuma ya mtambo wa maji taka,
Januari, saa moja na nusu asubuhi,
nimehesabu mia na kumi na saba
nikapotea, nikaanza tena.

Miguu yao ni myekundu, lakini wameipaka chokaa
ya kinyesi chao wenyewe, hadi magotini.
Ndivyo wanavyojipoza jua likipanda.
Usicheke. Mimi nina kiyoyozi cha gari.

Hawakimbilii kitu. Mguu huinuka,
vidole hujikunja, hutua bila kutibua tope,
kisha mdomo,
na chura hana hata muda wa kushangaa.

Ndege wa maji hawa, ila bahari huizunguka:
juu ya mawimbi hakuna hewa moto ya kuwabeba.
Shangazi Zuwena hakuizunguka.
Alitapika toka Wete mpaka Maskati.

Bakhiti wa getini huwaita laklaki,
kwa ule mgongano wa midomo,
lak-lak-lak, mitalawanda kwenye sakafu ya saruji.
“Hawana sauti,” kasema. “Na kwenu mnawaitaje?”
“Korongo.”
“Maana yake?”
Nikasita. Korongo ni ndege.
Korongo pia ni ufa uliochimbwa na mvua,
ninyi mnaita wadi.
Kimoja kimeruka, kimoja kimeachwa na maji,
jina halijali.

Shangazi hasemi tangu Ramadhani ya juzi.
Hugonga kijiko kwenye kikombe:
mara mbili, chai;
mara tatu, fungua dirisha.
Zaidi ya hapo hatujakubaliana.

Ijumaa nikamleta. Magurudumu yakazama mchangani,
Bakhiti akashika upande wa pili, tukamsogeza
hadi kwenye matete.
Korongo mmoja alisimama kwa mguu mmoja,
wa pili kaufyata manyoyani,
vile vile Shangazi anavyouficha
mkono uliokufa chini ya mtandio.

Ndege akatupa kichwa nyuma,
utosi ukagusa mgongo,
akagonga.

Shangazi akapapasa mapajani. Kijiko kilibaki nyumbani.
Akavuta pumzi. Akaupeleka mkono mzima
kwenye chuma cha kiti,
na kwa pete yake ya fedha, taratibu,
akagonga mara nne.

Bakhiti akanitazama: anataka nini?
Sijui, nikasema.
Gari lilikuwa linaunguruma bado. Nikaenda kulizima.