Watu wa Pishi

Mmeniuliza, vijana, asili ya pishi hii
mnayoipiga picha kwa simu zenu.
Nianze na kweli: ni ya wizi.

Mwaka wa njaa chuo kilifungwa mwezi mzima,
wanachuo tukapelekwa kambi ya karafuu, Mtambile ndani ndani.
Watano tukalala jamvi moja:
Shaame Ngwali, Mattar Hemed, Faki Tumu,
Rubea Kheri, na mie.
Mpimaji alikuwa na mkono mzito,
akilundika pishi zetu mpaka ziote kichuguu,
kisha akiandika moja.
Usiku wa mwisho Rubea akaichopoa, akaitia ndani ya mto wa sufi.
"Kuanzia leo," akasema, "tutapimiana wenyewe."

Msinitafutie tarehe nyengine. Ni hiyo.

Tuliporudi dahalia, Tibirinzi,
mchele wa foleni ulikuja kwa kibaba.
Kila mtu alitia pishini alichonacho:
huyu mchele, huyu muhogo mkavu.
Mattar siku moja alitia chumvi tu.
Tukala sawasawa.

Ndiyo maana mgeni wetu, hadi leo,
hufungwa macho kwa kikoi,
akapewa pishi ya maji kisimani
apande nayo ngazi arubaini na moja.
Kila tone likimwagika, siku moja ya kuosha sahani.
Faki aliimwaga yote ngazi ya tatu,
akaosha mpaka tukahitimu;
hata siku ya harusi yake nilimkuta karoni.

Na juu, mlangoni, mgeni huapa:

    Pishi haina sakafu
    hata ikiwa dhaifu
    hupima bila kusifu
    mchele hata machicha.

    Mwenzio akikosea
    usende ukasemea
    funika ukitetea
    jina lake hutaficha.

Maneno hayo niliyatunga mie.
Hati nzuri ilikuwa yangu pia,
ndiyo sababu daftari likakaa kwangu.

Sasa fungueni ukurasa wa kwanza.
Jina la nne. Mnauona wino mwekundu?
Mmesema katibu alikosea.

Rubea alikamatwa na magunia mawili ya karafuu,
usiku, nje ya Wete, yakielekea Mombasa.
Asubuhi mkuu wa chuo akataka orodha ya rafiki zake.
Mattar alinitazama. Shaame alitazama viatu.
Nikachukua kalamu ya kusahihishia,
nikaweka rula —
rula, wanangu! mstari usije ukapinda.

Miaka ishirini na sita,
kila Mfunguo Mosi, ilikuja bahasha kutoka Mombasa.
Haina jina. Ina ada ya mwaka na konyo moja la karafuu.
Kwenye mapato niliandika: *kutoka kwa mtu*.
Sijapata kuandika uongo kwa hati nzuri kama ile.

Mwaka huu bahasha imeletwa kwa mkono.
Bizume, bintiye. Mwenyewe kazikwa Kisauni.
Akaniuliza kama babaye amebakisha deni lolote kwetu.
Nilitafuta sauti, nikapata kikohozi.

Mwataka kulitia daftari kwenye kompyuta,
jipya, safi, lisilo madoa.
Litieni. Ila mstari ule msiufute,
na jina lililo chini yake lisomeni kwa sauti,
la nne, kabla ya langu.

Kisha nendeni nje; Bizume kakaa barazani.
Najua kanuni yasema wanaume.
Kanuni niliiandika mie, kwa hati ile ile.
Kikoi kiko wapi?
Ijazeni pishi mpaka ukingoni,
na matone yahesabuni vizuri, msimwonee haya.

Sahani nitaosha mie.