Plagi Tano kwa Kila Bodi

Ukuta wa Bi Mwanakombo, huku Mtopanga,
unatazama magharibi bila kope.
Jua la saa kumi hulilamba jiwe hadi likolee,
na jiwe, kwa kuwa halijui kusahau,
humrudishia joto lote usiku, kitandani,
palepale anapoegemeza mgongo.

Wahenga walituambia tuzibe ufa.
Kuhusu joto hawakusema neno.

Mwanasiti akatuma hela kutoka Maskati:
bodi arubaini na mbili za povu,
nyepesi kama deni la mtu mwingine,
gundi magunia tisa, wavu wa nyuzi,
na plagi ndefu zenye vichwa vipana
kama vifuniko vya soda.

Nikaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole.
Jiwe la timbo hili, limechimbwa Kilifi enzi za bei rahisi,
laini, lina matundu, lina makombe ndani yake.
Ukilitia drili kwa pupa linamwagika.
Nikamwambia Katana: zima nyundo, zungusha tu,
pole pole, kama unayemkuna mtoto aliyelala.
Vumbi likatoka jeupe, unga wa muhogo,
likamkalia kwenye nyusi, akazeeka ghafla.

Plagi fupi ikazunguka patupu. Nikaitoa.
Ya inchi sita ikauma. Nikaning'inia juu yake
kwa uzito wangu wote, miguu hewani, Katana akicheka.
Na msumari wake si wa chuma cha hivi hivi:
chumvi ya hapa hula chuma hata kikiwa mfukoni.

Safu tatu za chini zilikwenda vizuri,
viungo vimepishana inavyotakiwa,
tone la pimamaji limetulia katikati.
Safu ya nne tukafikia maandishi.

NYUMBA HII HAIUZWI.

Rangi nyekundu ya mafuta, mkono usio wa fundi,
N ya kwanza nene, I ya mwisho imebanwa konani
kwa sababu nafasi ilimwishia.
Aliandika marehemu Shekuwe, mwaka ule wa mabroka,
amesimama juu ya pipa.
"Pipa nililishika mimi," akasema Bi Mwanakombo,
na hakusema zaidi.

Kanuni ya kazi inajulikana: plagi tano kwa kila bodi,
nne pembeni, moja katikati.
Nikapima. Ya katikati ilikuwa inaangukia
ndani ya A,
kwenye kile kijumba chake cha pembetatu.

"Isogeze."
Bodi itacheza, mama, pepo za Juni zikija.
"Basi isogeze kidogo."
Nikaisogeza vidole viwili.
Kitabu cha kampuni hakitaki hivyo.
Kitabu hakikushika pipa.

Katana akauliza: sasa tukifunika,
broka atajuaje?
Hakuna aliyemjibu. Tukapaka gundi,
mabonge matatu katikati, mkanda ukingoni,
tukabana, na maneno yakaingia gizani
herufi kwa herufi,
ile I iliyobanwa ikawa ya mwisho kuliona jua.

Wavu. Plasta. Rangi ya maziwa. Siku kumi na moja.

Nilirudi Ijumaa kudai salio.
Nje kulikuwa na joto la kuotesha majipu.
Nikamkuta chumbani, kiganja ukutani,
kama anayempima mgonjwa homa.
"Umenyamaza," akasema,
na sikujua kama ananishukuru
au ananilaumu.

Akanihesabia pesa, zikazidi elfu tatu.
Nikamwambia zimezidi. Akanitoa nje kwa mkono.
Chini ya dirisha palikuwa na kopo la rangi nyekundu,
brashi ambayo bado ina karatasi yake,
na pipa.

"Huyo kijana wako," akasema, akikusanya buibui lake,
"anajua kushika?"