Herufi Saba

Umeme umerudi Kadutu saa kumi ya usiku.
Nsimire anarukia kompyuta, ile yenye bawaba moja,
kabla haujabadili nia.

Programu haina mwenyewe, au wenyewe ni wengi:
fundi wa Lubumbashi kashona mshono wa kwanza,
mwingine, hamjui sura, katia vifungo,
na yeye kapewa maneno arobaini
ayavike Kiswahili.
Thelathini na tisa yamevaa.
Moja limekwama kooni kama mwiba:
kitufe unachobonyeza
ulichoandika kiwafikie watu.
"Chapisha"? Karatasi iko wapi?
"Toa"? Toa nini, meno?

Mama anajifunga kitenge, beseni ubavuni.
"Bado na hiyo mashine?"
"Natafuta neno, mama. La kitu kuondoka kwako
kikaenda nyumba hii, na ile, na ile."
"Utalipata. Mimi nakimbilia sambaza,
zikipambazukiwa zinapanda bei."
Mlango unalia nyuma yake.

Nsimire kabaki mdomo wazi.

Halafu vidole: herufi saba.
Anawatumia wenzake waliolala nchi sita,
na chumba kizima
kinanuka ziwa.